Corolla ya 5A-FE ikisumbua: pima kwanza, spea baadaye

Ukisikiliza kinachotokea gereji nyingi za mtaani gari la zamani linapoanza kukorofisha, mpangilio ni ule ule. Kwanza unaambiwa ubadilishe plagi. Hali haibadiliki, zinafuata waya za plagi. Halafu distribyuta ya mtumba. Mwisho fundi anakuna kichwa na kusema labda ni kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Mwenye gari ameshakwenda kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, mara nne, na tatizo lenyewe lilikuwa hozi ndogo iliyopasuka.

Mwongozo huu ni wa kuvunja mtindo huo. Nimechukua injini moja, 5A-FE: silinda nne, valvu 16, cc 1498, iliyofungwa kwenye Corolla AE100 na AE110 zilizotengenezwa miaka ya 1990, na kwenye baadhi ya Sprinter na Carina za wakati huo. Mwenye 4A-FE ya cc 1587 anaweza kufuata maelezo haya karibu yote bila kubadilisha kitu. Injini hizi zina mafuta ya nozeli na kompyuta, lakini cheche bado inagawiwa na distribyuta moja, na kompyuta yenyewe inaweza kukueleza tatizo bila mashine ya kupimia. Kwa mtu anayetengenezea gari uani, sioni injini ya kujifunzia iliyo bora kuliko hii.

Vifaa vya kuanzia

Soketi na spana za 10, 12 na 14 zinafungua sehemu kubwa ya injini hii. Ongeza soketi ndefu ya plagi ya milimita 16, bisibisi ya nyota na ya bapa, plaizi, mita ya umeme ya bei ya kawaida, waya mfupi wa kuungia na plagi moja nzima ya akiba. Geji ya kupima mgandamizo wa silinda unaweza kuazima, maana hutaihitaji kila wiki. Kama kazi itakupeleka chini ya gari, jeki peke yake haitoshi: weka stendi za chuma, na tairi zilizobaki chini zizuiwe kwa magogo au mawe. Vua pete na saa. Sigara iwe mbali.

Kabla ya kufungua chochote, jiulize gari linafanya nini hasa. "Halitaki kuwaka" ni magonjwa mawili tofauti: kuna lisilozungusha stata, na kuna linalozungusha stata vizuri lakini injini haishiki. Ukiyachanganya utapoteza siku nzima.

Stata haizungushi

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, weka mita kwenye vichwa vya betri: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ina nguvu za kutosha, na ikifika 12.0 imekwisha chaji. Kisha mwambie mtu apige stata wewe ukitazama mita. Ikianguka chini ya volti 9.6, betri imechoka au haina chaji. Isiposhuka kabisa na stata iko kimya, umeme haufiki kwenye stata.

Kabla ya kuilaumu betri, fungua vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme mwingi kuliko watu wanavyodhani. Toa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya, osha kwa maji ya moto yenye magadi soda kidogo, piga msasa mpaka paonekane chuma king'avu, kaza. Fuata waya wa hasi mpaka ulipofungwa kwenye bodi na kwenye gia boksi, upasafishe pia. Gari la otomatiki lijaribu kwenye N, kwa kuwa swichi ya gia ikichakaa stata haipati ruhusa kwenye P.

Kuna dalili moja inayojulikana sana kwenye stata za Toyota za kipindi hiki: betri nzima, taa zinawaka vizuri, unageuza ufunguo unasikia "tak" moja tu. Ukirudia mara kadhaa linawaka kama kawaida. Hapo wengi huuziwa stata nzima. Mara nyingi kilichokwisha ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, vinavyogusana kupitisha umeme mkubwa. Toa waya wa hasi wa betri, shusha stata, fungua kifuniko cha nyuma ya solenoidi, utaona kipande kimoja kimeliwa upande. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na stata.

Gari likishawaka, rudisha mita kwenye betri. Alternata nzima inatoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, betri mpya utakayonunua leo itakufa baada ya siku chache.

Stata inazungusha, injini haishiki

Hapa kuna maswali matatu tu: cheche ipo, mafuta yapo, na silinda zinabana? Uliza kwa mpangilio huo, kwa sababu cheche ni rahisi kuipima.

Chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka ile plagi ya akiba, na ilaze chuma chake kiguse injini sawasawa. Ifunge kwa waya wa kuungia ili isicheze. Usiishike kwa mkono. Mtu apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, ni dhaifu.

Kama hakuna cheche kabisa, usikimbilie koili, kile kifaa kinachozalisha umeme mkubwa wa cheche. Pima pia kama mafuta yanakuja. Kwenye injini hii kompyuta inaruhusu pampu ya mafuta na nozeli kufanya kazi baada ya kupata taarifa kwamba injini inazunguka, na taarifa hiyo inatoka ndani ya distribyuta. Kwa hiyo ukikosa cheche na mafuta kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya distribyuta na soketi yake. Ukikosa cheche huku mafuta yapo, ndipo uende kwenye koili, kofia na rota. Fungua kofia ya distribyuta uiangalie kwa tochi. Ufa mwembamba mweusi unaotambaa kutoka nguzo moja hadi nyingine ni njia ambayo umeme unatorokea. Unyevu au oili ndani ya kofia ina maana sili ya shafti imekwisha.

Na usisahau belti ya taiming. Fungua kifuniko cha kujazia oili, chungulia ndani mtu akipiga stata. Kama shafti ya valvu haizunguki, umeshapata jibu, na hakuna cheche wala mafuta yatakayoliwasha gari hilo. Belti hii hupangiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa gari lililonunuliwa mkononi bila kumbukumbu za matengenezo, mimi huihesabu kuwa imeshapitiliza.

Kwenye mafuta kuna jambo linalopotosha watu. Wanageuza swichi hadi ON, wanatega sikio kwenye tenki, hawasikii pampu, wanasema imekufa. Toyota nyingi za miaka hiyo haziwashi pampu kwa ON peke yake, zinasubiri stata izunguke. Ili kuipima, tafuta chini ya boneti kiboksi kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko chake, ndani yake pameandikwa jina la kila tundu. Unganisha +B na FP kwa waya wako mfupi, geuza swichi hadi ON bila kupiga stata. Pampu inapaswa kuanza kuunguruma tenkini, na ukishika hozi ya mafuta utahisi imekakamaa na petroli inapita. Ikiwa inafanya kazi hivyo lakini gari haliwaki, angalia rilei ya pampu na ile taarifa ya mzunguko. Ikiwa kimya, pima kama umeme unafika kwenye pampu kabla ya kuinunua. Ukimaliza toa waya huo mara moja, na uwe mwangalifu usiguse tundu lingine.

Pampu ikiunguruma lakini hozi ikiwa laini, fikiria filta ya mafuta. Kwa petroli ya madumu inayouzwa barabarani, filta hujaa mapema sana. Kabla ya kuifungua, achia mgandamizo: chomoa fyuzi ya EFI au soketi ya pampu gari likiwa limewaka, liache mpaka lizime lenyewe, kisha fungua taratibu ukiwa umeweka kitambaa.

Iulize kompyuta

Hiki ndicho kipande ambacho wenye magari hawakijui, na baadhi ya mafundi hawakitumii. Injini ikiwa imezimwa, gia kwenye N au P, AC imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS. Geuza swichi hadi ON na utazame taa ya injini kwenye dashibodi.

Ikipepesa haraka haraka bila kukoma, kwa mwendo mmoja, kompyuta haina kosa ililoandika. Ikipepesa kwa makundi, hesabu. Mara mbili, kituo kifupi, mara mbili tena: hiyo ni 22. Mara tatu, kituo, mara moja: 31. Makosa yakiwa mengi yanafuatana kuanzia namba ndogo, kisha yanarudiwa. Andika kwenye karatasi.

Namba 12 na 13 zinahusu ile taarifa ya mzunguko kutoka distribyuta. 14 ni mfumo wa cheche. 21 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ni ya joto la hewa. 31 ni sensa ya vakyumu. 41 ni sensa ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. 42 ni ya mwendo wa gari. 51 isikutishe: inatokea pia kama AC imewashwa au umekanyaga mafuta wakati wa kupima.

Namba haisemi "nunua sensa". Inasema mawasiliano ya sehemu hiyo yana kasoro, na kasoro inaweza kuwa soketi yenye kutu, waya uliokatika au hozi. Chukua 31. Sensa ya vakyumu ni kiboksi kidogo kilichofungwa karibu na ukuta wa injini, chenye hozi nyembamba inayokwenda kwenye manifodi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda. Hozi hiyo ikipasuka au kuchomoka, kompyuta inadhani unakanyaga mafuta mpaka chini, inamwaga petroli, gari linatoa moshi mweusi na kuzima. Kipande cha hozi kinamaliza kazi. Kwa 22, pima sensa kwa mita: ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, itoe kilo-omu 2 hadi 3, injini ikiwa moto, kwenye nyuzi 80, iwe kati ya 0.2 na 0.4. Ikitoa hizo, usiinunue. Fuata waya.

Baada ya kutengeneza, zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 kwa nusu dakika hivi, rudisha, endesha gari kidogo, usome tena.

Gari linamisi

Hili ndilo lalamiko namba moja. Gari linatetemeka kwenye taa za barabarani, halivuti mlimani, linakula mafuta. Kazi yako ya kwanza ni kujua silinda gani imelala. Silinda namba 1 iko upande wa belti, na mfuatano wa cheche ni 1-3-4-2.

Njia ya zamani ni kuchomoa waya za plagi moja moja gari likiwa limewaka. Siipendi. Utapigwa na umeme wa maelfu ya volti, na cheche ikikosa pa kwenda inatafuta njia ndani ya koili au igniter, kifaa cha elektroniki kinachoiamuru koili. Fanya hivi: zima injini, chomoa waya wa silinda namba 1, uchomeke kwenye plagi ya akiba iliyofungwa kwenye chuma cha injini, washa. Injini ikibadilika na kuzidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, rudisha, nenda ya pili. Ukifika kwenye silinda ambayo kuitoa hakubadilishi chochote, ndiyo mgonjwa. Usiache injini iende hivyo kwa muda, maana petroli isiyochomwa inakwenda kuunguza katalaiza, kichujio cha moshi kwenye ekzosi.

Sasa chungulia shimo la plagi ya silinda hiyo kwa tochi. Kwenye 5A-FE plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu katikati ya kifuniko cha valvu, na sili zake zikikauka oili hujaa humo. Ukichomoa waya ukakuta mpira wake umelowa oili, cheche inavujia pembeni badala ya kushuka kwenye plagi. Sehemu kubwa ya misi za injini hizi hutoka hapo, na plagi mpya haziponyi chochote: zitakwenda wiki moja kisha tatizo lirudi.

Ukikuta oili, inyonye kwanza kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi, kabla hujalegeza plagi. La sivyo itaporomokea ndani ya silinda, pamoja na mchanga uliolala humo.

Kubadilisha gasketi ya kifuniko cha valvu ni kazi ya asubuhi moja, injini ikiwa imepoa:

1. Weka alama kwenye waya za plagi kwa utepe, 1 hadi 4, kisha zichomoe kwa kushika mpira, si waya.
2. Toa hozi za hewa zinazoingia kwenye kifuniko. Zikiwa ngumu na zimepasuka, andika kwenye orodha ya kununua.
3. Fungua nati za juu, nyanyua kifuniko. Kikigoma, kigonge pembeni kwa mpini wa nyundo wa mbao. Usichokoe kwa bisibisi, utakwaruza alumini.
4. Ziba matundu kwa vitambaa safi, kisha kwangua mabaki ya gasketi na silikoni ya zamani. Futa kwa petroli kidogo sana mpaka pakauke kabisa.
5. Weka gasketi mpya pamoja na sili za mashimo ya plagi. Silikoni iwekwe tu kwenye kona, pale kifuniko kinapopita juu ya vishikizo vya shafti, na iwe ya kiasi cha punje ya mchele. Fundi anayezungushia silikoni kifuniko kizima anakuandalia uchafu utakaoziba njia za oili.
6. Kaza nati kidogo kidogo kwa zamu. Hapa hapahitaji nguvu. Ukikaza sana unapinda kifuniko na oili inaanza tena.

Waya zilizolowa zisafishe na uzipime. Kila mmoja usizidi kilo-omu 25. Usiku, gari likiwa limewaka gizani, nyunyizia maji kidogo karibu na waya: ukiona vimulimuli vya buluu, waya hizo zimekwisha.

Kama shimo ni kavu, toa plagi uisome. Kahawia kavu ni afya. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi kuliko hewa. Iliyolowa oili inakupeleka kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Nyeupe kama chokaa, yenye vidoa, inaonyesha joto kali au petroli kidogo. Iliyooshwa ikawa safi kupita wenzake, hasa kama maji yanapungua kwenye rejeta, ni dalili mbaya nitakayoirudia.

Kisha hamisha. Plagi ya silinda mgonjwa ipeleke silinda nyingine, uwashe. Misi ikihama nayo, nunua plagi. Isipohama, jaribu waya, kisha usikilize nozeli: weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli na mpini sikioni, utasikia tiki-tiki. Iliyo kimya, pima soketi yake na upinzani wake, unaopaswa kuwa karibu omu 13.8.

Kwenye kununua plagi, angalia mwisho wa jina lake. Kwa NGK na Denso, 11 mwishoni ina maana ya pengo la milimita 1.1, isiyo nayo kwa kawaida ni 0.8. Fuata kibandiko kilicho chini ya boneti au kitabu cha gari, na zote nne ziwe za aina moja. Zianze kwa kuzungusha kwa mkono, zikigoma zirudishe uanze upya. Hedi, yaani kichwa cha injini kinachobeba plagi na valvu, ni ya alumini, uzi wake ukiharibika utamtafuta mtu wa mashine. Zikigusa chini, plagi mpya ongeza nusu mzunguko tu.

Kama mtu aliwahi kulegeza distribyuta, taiming nayo ipimwe. Injini ikiwa moto, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, taa ya taiming ionyeshe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila waya huo kompyuta inakuwa inajirekebisha yenyewe, na unachokisoma si sahihi. Kupanga taiming kwa sikio, kama wengi wanavyofanya, ndiko kunakozaa magari yanayogonga kwenye mlima wa kwanza.

Gari linachemsha

Mshale wa joto ukipanda, simama pembeni, zima AC, zima injini. Usiguse mfuniko wa rejeta mpaka hozi ya juu iwe inashikika kwa mkono. Maji yaliyofungwa kwa mgandamizo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanalipuka usoni.

Angalia kwanza belti. Kwenye injini hii wota pampu inazungushwa na belti ile ile ya alternata. Taa ya betri ikiwaka ghafla barabarani usiseme "nitafika tu nyumbani, chaji ipo". Huenda belti imekatika, na kama ndivyo maji hayazunguki. Kilomita mbili tatu zinatosha kuunguza gasketi ya hedi.

Belti ikiwa nzima, angalia feni. Injini ikiwa baridi, swichi ON, chomoa soketi ya swichi ya joto inayoamuru feni ya rejeta. Kwa Toyota hizi swichi hiyo hufunguka maji yakipata moto, karibu nyuzi 93, kwa hiyo ukiichomoa feni inapaswa kuzunguka papo hapo. Ikizunguka, feni, fyuzi na rilei ni nzima, na mshukiwa ni swichi yenyewe. Isipozunguka, pitia fyuzi, rilei, kisha mpe mota ya feni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Gari linalochemsha kwenye foleni lakini linapoa barabara kuu, mara nyingi ni feni. Linalochemsha kwenye mwendo wa kasi na mlimani, fikiria rejeta iliyoziba, themostati, au gasketi.

Kuhusu themostati, nina ugomvi wa muda mrefu na mafundi wa pwani. Wanaitoa na kuitupa, eti nchi yetu ya joto haiihitaji. Kazi yake ni kuruhusu injini ifike joto la kazi, kisha ibaki hapo. Bila hiyo, ukisafiri usiku au kwenye baridi ya Iringa au Limuru injini inabaki baridi, sensa inaiambia kompyuta injini bado haijapata moto, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli. Ukiona Corolla inakula mafuta bila sababu, muulize mwenyewe kama themostati imo. Kuipima ni rahisi: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakichemka iwe imefunguka wazi. Inayobaki imefungwa, tupa. Ukiirudisha, kile kivalvu kidogo kinachocheza kiwe juu ili hewa ipate pa kutokea.

Maji yenyewe yana maneno. Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vina chumvi, na chumvi inakula alumini ya hedi na rejeta kimyakimya. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Mfumo mzima unachukua takriban lita 5 hadi 6. Jaza polepole, hita ikiwa kwenye moto, washa injini mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri mapovu yanavyotoka, mpaka themostati ifunguke na hozi ya chini ipate joto. Hewa iliyobaki ndani inafanya gari lichemshe hata kama kila kitu ni kipya.

Maji yakipungua bila kuvuja chini, tafuta dalili za gasketi ya hedi. Asubuhi, injini baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu yanayoendelea kutoka mfululizo tangu dakika ya kwanza ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Hozi ya juu inayokakamaa kabla injini haijapata moto inasema hilo hilo. Ongeza ile plagi iliyooshwa ikawa safi, oili ya rangi ya maziwa kwenye kijiti, moshi mweupe usiokauka, na huna tena la kubahatisha. Usikubali gasketi mpya ibandikwe juu ya hedi iliyopinda: kikomo cha kupinda kwa hedi hii ni milimita 0.05, ambayo huioni kwa jicho. Ipelekwe kupimwa kwa rula ya chuma na isawazishwe kwa mashine.

Sailensa inapanda na kushuka

Sailensa hapa ni mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta. Uwe RPM 700 hadi 850 (mizunguko kwa dakika) injini ikiwa moto. Ukicheza, anza na hewa inayoingia pasipostahili. Chukua kipande cha hozi, weka ncha moja sikioni, nyingine ipitishe kwenye maungio ya hozi za vakyumu na gasketi ya manifodi. Panapovuja utasikia mlio wa kunyonya. Kisha safisha throto na valvu ndogo ya hewa ya sailensa kwa dawa ya kusafishia kabureta na mswaki wa zamani. Usikaze wala kulegeza ile skrubu ya kizuizi cha throto. Sili yake ya kiwandani ikiwa imevunjwa, mtu mwingine alishajaribu.

Moshi na kubana

Mweusi ni petroli nyingi: ekleana (filta ya hewa) iliyoziba, hozi ya sensa ya vakyumu, sensa ya joto. Wa buluu ni oili. Ukitoka asubuhi kwa sekunde chache kisha ukaisha, sili za valvu zimekauka. Ukitoka kila unapokanyaga, ni ringi. Kabla ya hapo, hakikisha oili haijazidishwa. Injini hii inachukua karibu lita 3 pamoja na filta, na dumu dukani ni la lita 4. Wapo wanaolimimina lote ili lisibaki.

Kupima kubana: injini iwe moto, betri imejaa, plagi zote nne zimetolewa. Chomoa soketi ya distribyuta ili kusiwe na cheche wala petroli. Funga geji silinda ya kwanza, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata mpaka mshale utulie. Silinda nzuri inatoa karibu psi 190. Chini ya 142 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Kwa iliyo chini, mimina kijiko cha oili kupitia shimo la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu hazifungi. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imetoboka katikati yao. Ringi zikiwa ndizo, injini inashushwa. Valvu au gasketi, hedi peke yake ndiyo inayokwenda kwa mtu wa mashine, na unakwenda nayo ukiwa na namba zako nne zilizoandikwa kwenye karatasi.